Robota la Ishirini na Mbili

Simu iliita Jumanne saa nne asubuhi, Rosaire Daigle akiwa hajamaliza kahawa yake. Hakuhitaji kutazama jina. Tangu mkewe afariki, mtu anayempigia kabla ya adhuhuri ni mmoja tu, naye ni binti yake Odile aliyeko Lewiston, mwendo wa saa tano kwa gari kuelekea kusini.

"Baba, umeifanya nini mashine?"

"Mashine ipi?"

"Ya kukaushia nguo. Imeniambia njia yake ya hewa imeziba."

Rosaire aligeuka kitini. Mashine ilikuwa kwenye chumba kidogo nyuma ya jiko, nyeupe, inazungusha mashati yake, na kweli kwenye paji lake ilikuwa imewaka taa ya rangi ya chungwa ambayo jana haikuwapo.

"Imekuambia wewe?"

"Imenitumia ujumbe kwenye simu. Ndivyo ilivyotengenezwa."

"Mimi niko hatua sita kutoka hapo ilipo, haijanitamkia neno. Wewe uko Lewiston, ndiyo inakufuata huko kukupa umbea."

"Baba, usinichekeshe. Hili ni la tatu."

Rosaire alijua anahesabu nini. Novemba walikaa wawili kwenye meza hiyo hiyo wakapatana. Odile alikuwa amemtafutia chumba katika nyumba ya wazee karibu na kwake, chumba chenye dirisha linalotazama mto, na wenyewe walikubali kumwekea hadi mwisho wa Januari. Wakakubaliana hivi: nyumba ikimsumbua mara tatu kabla ya hapo, baba anahama. Rosaire aliitikia upesi kwa sababu hakuamini kuwa nyumba yake mwenyewe inaweza kumsumbua. Desemba hita ikazima usiku wa baridi kali. Siku mbili baada ya Mwaka Mpya akateleza kwenye ngazi akateguka mkono wa kushoto, na bado ulikuwa umefungwa bandeji. Sasa hii.

"Nakuja Jumamosi," Odile alisema. "Kama haijatengemaa, tutazungumza yale ya Novemba. Na usichokonoe nyaya."

"Nani kasema nitachokonoa nyaya?"

"Nakujua, Baba."

Alikuwa anamjua kweli. Rosaire alilima viazi miaka arobaini na mitano kwenye bonde la mto Saint John, pale jimbo la Maine la Marekani linapogusana na Kanada, na katika miaka hiyo hakuna mashine iliyomshinda ambayo hakuipiga nyundo ikakubali. Lakini zilikuwa mashine za shamba. Za ndani zilikuwa za mkewe, Laurette. Hadi Februari ya mwaka jana, akiwa na miaka sabini na sita, Rosaire hakuwahi kufua hata soksi. Watu wa huko hawaoni ajabu katika hilo, na Laurette mwenyewe hakuona ajabu mpaka alipougua. Ndipo akaagiza kiti chake kisogezwe mlangoni mwa chumba cha kufulia, akajifunika blanketi, akaanza kumfundisha mumewe.

"Siyo hivyo, Rosaire. Unazishindilia kama unapakia viazi. Na karatasi ya manukato ni moja, siyo tatu."

Alifariki Aprili, theluji ikianza kuyeyuka. Rosaire aliyashika yote aliyofundishwa isipokuwa hilo la mwisho. Aliendelea kutia karatasi tatu mashineni pamoja na nguo kila mara, kwa sababu nguo zilipotoka zilinukia kama shingo ya Laurette, na hakuna aliyebaki wa kumgombeza.

Basi siku hiyo ya Jumanne alikunja mikono ya shati akaanza. Alichomoa kichujio kinachonasa nyuzinyuzi za nguo. Kwa macho kilikuwa safi, ila alipokimiminia maji, maji yalisimama juu yake kama kwenye sahani. Akajua ni ule utelezi wa karatasi za manukato. Akakisugua kwa sabuni na mswaki mkuukuu, akakianika, akakirudisha, akawasha. Dakika ishirini baadaye taa ikawaka na simu ikaita.

"Najua," alisema Rosaire kabla Odile hajafungua kinywa, akakata.

Mchana alijaribu kitu kingine. Ndani ya pipa la mashine kuna vibati viwili vya chuma ambavyo nguo huvigusa zikizunguka. Ndivyo vinavyoonja kama nguo bado zina maji. Navyo vilikuwa na utando. Alivipangusa kwa siki mpaka kidole kikitelezeshwa kinalia. Jiko zima likanuka achari, harufu ya Laurette ikapotea chumbani, na Rosaire akaona uchungu kuliko alivyotarajia. Kisha taa ikawaka tena.

Jumatano aliivuta mashine nzima kutoka ukutani, akiisukuma kwa nyonga na mkono mmoja, akitukana kwa Kifaransa cha kwao. Akafungua bomba la kutolea hewa lililo nyuma yake, akaingiza brashi ya kusafishia dohani hadi ilipogota ukutani. Akatoa bumba la nyuzinyuzi za kijivu lenye ukubwa wa paka na, ndani ya bumba, soksi moja ya bluu ya Laurette. Akaitia mfukoni. Hapo alikuwa na hakika kabisa amemaliza kazi. Alifunga bomba, akairudisha mashine, akawasha, akasimama mbele yake mikono kiunoni. Dakika kumi na nane, taa ikawaka.

Ndipo alipompigia fundi wa mjini, kijana mpole ambaye alimsikiliza hadi mwisho.

"Na nje je, mzee? Pale bomba linapotokea ukutani, pako wazi?"

"Nje nimeifunga nyumba."

Fundi hakuuliza maana yake. Kwenye bonde hilo kila mwenye nyumba ya zamani huifunga inapofika Oktoba: anapanga marobota ya majani makavu kuizunguka chini kote, ili upepo usipite chini ya sakafu na mabomba yasigande.

"Sasa marobota hayajalifunika tundu?"

"Yako pale pale ninapoyaweka kila mwaka. Miaka thelathini tuna mashine ya kukaushia, na tundu liko ukuta ule ule, na marobota ni yale yale ishirini na mawili. Kama yangekuwa na ubaya si ungeonekana zamani?"

Fundi alifikiri kidogo. "Hapo umesema kweli. Basi ni kihisi. Hizi mpya zina kihisi cha kupima msukumo wa hewa, nacho kikiharibika kinapiga kelele bure. Nakuagizia kipuri. Wiki mbili."

"Mimi nina siku tatu."

"Pole, mzee. Mimi siyo ninayevitengeneza."

Sasa, mtu akishajua kuwa anayemshitaki ni mwongo, huwa haoni vibaya kumdanganya naye. Rosaire alichukua utepe mweusi wa umeme akaziba taa. Mashine ikaendelea kumchongea Lewiston kama kawaida. Akafikiri, akaenda sebuleni, akachomoa kile kiboksi cha intaneti ukutani, akarudi akaketi na moyo mweupe. Haikupita robo saa, simu ikaita.

"Baba, mashine imepotea."

"Haijapotea. Naiona."

"Kwangu imepotea. Na ile ya hita nayo imepotea. Kuna moto hapo? Niwapigie zimamoto?"

"Hakuna moto, mwanangu. Nilikuwa nafagia, nikagusa waya."

"Wewe? Unafagia?"

Alikirudisha kiboksi. Usiku ule alikula mkate na jibini amesimama, maana viti vyote vya jikoni vilikuwa vimevalishwa mashati mabichi, na madirisha yalikuwa yanatoka jasho. Akaanza kuona picha ya chumba kile cha Lewiston na dirisha lake. Hakikuwa chumba kibaya. Ila mto ule hakuujua, na hakuna mtu wa huko aliyemjua Laurette.

Ijumaa alasiri alikuja shemeji yake Mena. Philomène ndilo jina lake lote, dada mkubwa wa Laurette, miaka themanini na moja, bado anaendesha pikapu yake mwenyewe kwa kasi ambayo polisi wameamua kutoiona. Kila Ijumaa alimletea mchuzi wa kuku, naye Rosaire akachoma ploye, ile mikate myembamba ya ngano nyeusi isiyogeuzwa. Mena aliingia kwenye varanda ya nyuma na sufuria mkononi, akaitua chini, akavua buti moja kwa kujiegemeza ukutani, kisha akageuka kutafuta kitu.

"Robota liko wapi?"

Rosaire alikuwa jikoni, anatia taulo mbili kwenye mashine ili ajaribu kwa mara ya mwisho. "Robota gani?"

"La kukalia. La Laurette. Au unataka nimalizie kuvua nimesimama, na nyonga hii ya bati?"

"Mwaka huu halikubaki."

"Vipi lisibaki? Kila mwaka hubaki moja. Liko hapa mlangoni tangu Odile hajaota meno ya utu uzima. Mimi nimelikalia, padri amelikalia, hata wewe umelikalia."

"Mwaka huu nilihesabu vizuri, ndiyo maana."

"Wewe? Ulijifunza lini kuhesabu?"

Rosaire alicheka. Ulikuwa utani wa siku zote. Kila Oktoba alitoa marobota ghalani, akayapanga, akaondoka kurudisha trekta kwa jirani, na akirudi alikuta moja limekaa mlangoni na Laurette juu yake, anavua mabuti, anamwambia mume wangu shule uliacha mapema, umezidisha tena moja. Alicheka, kisha kicheko kikamkatikia njiani.

Ghalani alitoa ishirini na mawili. Alitoa ishirini na mawili mwaka huu na mwaka jana na miaka yote, kwa sababu ukuta unakula ishirini na mawili, alishaupima kwa hatua alipokuwa na nywele. Mwaka huu yalienea yote na halikubaki hata moja. Kama yanaenea yote, hilo la mlangoni lilikuwa linatoka wapi?

"Umepatwa na nini?" Mena aliuliza. "Rosaire. Uso umekuwa kama unga."

"Laurette alikuwa anakwenda kufanya nini nyuma ya nyumba?"

"Lini?"

"Kila theluji ikianguka. Alichukua beleshi akazunguka nyuma. Aliniambia anakwenda kuwatazama ndege wake."

Mena alimkazia macho. "Laurette na ndege? Bata bukini alimng'ata matako akiwa na miaka sita, tangu hapo hakutaka kuona chenye mabawa ila kiwe kwenye sufuria."

Rosaire hakusubiri zaidi. Alivaa koti, akatwaa beleshi, akatoka bila kofia. Mena akamfuata akiwa na buti moja na soksi moja, akafika hadi pembe ya nyumba, akasimama hapo kwenye kijia kilichosafishwa na kuanza kumsimamia.

"Chimba kwa mkono mzima. Huo mwingine uuache."

Upande wa nyuma theluji ilikuwa kiunoni. Mwaka huu hakuna aliyekanyaga huko. Rosaire alichimba akihema, akipumzika, akichimba, na kila beleshi moja lilimpa maneno ya kujiambia. Oktoba hadi Krismasi hewa ilikuwa inajipenyeza kwa taabu kwenye majani. Theluji kubwa ya Januari ndiyo iliyokuja kuziba kabisa. Alifika kwenye robota lililokaa mbele ya tundu la bomba. Lilikuwa limeganda barafu kwa nje. Alilikita beleshi kama nyenzo, akajipa moyo, akalibinua.

Upande wa ndani majani yalikuwa yamelowa na yanatoa mvuke, na katikati, pale palipokabiliana na mdomo wa bomba, yalikuwa yamegeuka rangi ya kahawia, kama mkate uliosahauliwa. Rosaire aliyatazama. Alielewa kwamba wiki nzima ile alikuwa anapika nyumba yake mwenyewe, na kile kijidude alichokiita mwongo na kukiziba uso kwa utepe kilikuwa kinamwambia kweli kila siku.

Kifuniko cha bomba kilikuwa kimeshikwa na kibandiko cha nyuzinyuzi na barafu. Alikibandua kwa kidole. Kule ndani taulo zilikuwa bado zinazunguka. Hewa yote iliyozuiliwa ikamjia usoni kwa mkupuo mmoja, ya moto, laini, na karatasi zake tatu za manukato ndani yake, na Rosaire Daigle akasimama kwenye theluji na shingo ya mkewe puani. Alilia hapo hapo. Hakulia kwa huzuni tu. Zaidi alilia kwa sababu nyumba ilikuwa bado imesimama, na kwa sababu alikuwa amependwa miaka thelathini kwa namna ambayo hakuwahi kuiona.

"Unalia au unacheka?" Mena aliuliza kutoka pembeni.

"Sijui."

"Basi fanya lolote ukija huku. Mguu wangu umekufa."

Aliliburura robota hadi varandani, akaligeuza upande mkavu juu. Mena akalikalia akavua ile buti ya pili, akalalamika kuwa limelowa, akabaki amelikalia.

Jikoni, Rosaire alibandua utepe. Dakika ishirini zilipita, thelathini zikapita, na pale mahali pa taa pakabaki peupe. Taulo zilitoka kavu, za moto, akazikumbatia. Alishusha pumzi ndefu sana, ya siku nne. Simu ikaita.

"Baba, inaniambia hewa inapita vizuri. Fundi amekuja?"

Hapa ndipo ingekuwa rahisi. Angesema ndiyo, au angesema kihisi kimejirudi chenyewe, na Odile, aliyekuwa amechoka, angeamini. Mena alikuwa anamtazama kutoka varandani. Rosaire aliivuta ile soksi ya bluu kutoka mfukoni akaishika.

"Hakuna fundi. Ilikuwa mimi. Nilipoifunga nyumba nililiziba tundu kwa robota. Limeungua kidogo, mwanangu. Siyo moto, lakini lilikuwa njiani. Nakwambia mwenyewe kabla hujaja kuliona."

Rosaire alisubiri aambiwe habari za Lewiston.

"Lile robota la nyuma?" Odile aliuliza polepole. "La chini ya dirisha la kufulia?"

"Umelijuaje?"

"Tulikuwa tunalivuta na Mama. Kila Oktoba, ukienda kurudisha trekta. Mimi nashika kamba hii, yeye anashika ile. Nilianza nikiwa na miaka tisa."

Rosaire alitafuta kiti, akaketi juu ya shati bichi. "Na hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema ukimaliza kuifunga nyumba huwa unakwenda kusimama barabarani unaitazama, unafurahi peke yako. Akasema robota moja siyo kitu cha kumharibia mtu furaha yake." Akaanza kulia. "Baba, nilikuwa najua. Nimekupigia wiki nzima nakugombeza, na nilikuwa najua. Nilisahau tu. Ningelikumbuka Jumanne, ungekuwa umelala vizuri siku zote hizi."

"Nimelala vizuri."

"Muongo."

"Kidogo."

Odile alicheka na machozi yake, na Rosaire akamwacha amalize. Kisha akauliza kile alichokuwa anakiogopa, kwa sababu alichoka kukiogopa. "Kesho unakuja na zile karatasi za chumba?"

"Nakuja na mabuti. Chumba nitawaambia wampe mwingine. Mashine imesema kweli, na wewe umesema kweli, nyumba haina kosa." Kisha akauliza, "Robota umelitupa?"

"Liko mlangoni. Mama yako mkubwa Mena amelikalia."

"Usilitoe. Na Oktoba, ukiifunga, panga yote ishirini na mawili kama unavyopanga siku zote. Kisha nenda karudishe trekta, usiharakishe. Mimi nitakuwa nimekuja."

"Sawa," Rosaire alisema, akaenda kuchoma ploye.